Mtoto kiziwi na msiba ambao hakuelezwa

«Mtaalamu, naomba msaada wako. Dada yangu alifariki miezi 4 iliyopita kwa ugonjwa wa figo, akaacha watoto wawili: mvulana wa miaka 9 ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa, na msichana wa miaka 5. Sasa nawalea mimi pamoja na bibi yao hapa Tanga, kwa kuwa baba yao anafanya kazi melini na hurudi mara chache. Siku dada alipofariki, mvulana alikuwa bweni katika shule ya viziwi iliyo mbali na hapa. Sisi huzika siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuwahi. Tulikubaliana asiambiwe mpaka likizo, na likizo ilipofika kila mmoja akamwachia mwenzake. Mwishowe mama yangu, yaani bibi yao, alimwonyesha kwa ishara: akaegemeza shavu juu ya viganja kama mtu aliyelala, kisha akanyoosha kidole juu. Yule mdogo tulimwambia mama amesafiri. Sasa mvulana hataki kulala, anakojoa kitandani, anawapiga wenzake, na kila alasiri huchukua begi lake akaenda kukaa kituo cha daladala mpaka giza liingie. Siku nyingine hucheza mpira na kucheka, hadi majirani wanasema hana uchungu kwa sababu haelewi. Mume wangu anasema ni utovu wa adabu. Mimi sijui lugha ya alama, ninajua ishara zetu za nyumbani tu. Je, nimwambie sasa, au nitatonesha kidonda? Nimwambieje? Tena mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuzikana. Tuna turubai, masufuria na viti, lakini kwa watoto hatuna chochote, na mtaani wapo watoto wengine ambao msibani hakuna anayewatazama. Tuanzie wapi?»

Dada yangu, pokea pole zangu kwanza wewe mwenyewe, kwa sababu katika barua yako yote umejitaja kama mlezi na katibu, wala hukujitaja hata mara moja kama mfiwa. Umempoteza dada, na siku hiyo hiyo ukapewa kazi ya kuwafariji wanawe. Nalitaja hili mapema kwa kuwa mtoto humtazama sana mtu mzima aliye karibu naye ili ajue huzuni inabebwaje, na mtoto kiziwi hutazama zaidi ya wengine.

Hofu zako nazielewa kuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba ukimweleza ukweli utamwongezea maumivu, na ya pili ni kwamba hata ukitaka kumweleza huna lugha ya kumwelezea. Ya kwanza naomba uiweke chini kabisa. Ya pili ni ya kweli, na ndiyo nitakayoishughulikia kwa kirefu, kwa sababu ina njia. Mwambie, tena katika likizo hii hii kabla hajarudi bweni, na umwambie kwa lugha yake.

Tuanze na kidonda. Kutonesha ni kugusa palipokuwa panapona, ilhali kwa mtoto huyu hakuna kilichoanza kupona. Huenda alirudi nyumbani akakuta kitanda cha mama kimehamishwa, kanga zake amevaa shangazi, simu yake iko mkononi mwa mtu mwingine, na kila mtu akimtazama yeye hugeuza uso. Anajua kwamba kuna jambo kubwa, na anajua kwamba wote wanalijua isipokuwa yeye. Mtoto aliyeachwa katika hali hiyo hakai bila maelezo. Hujitungia yake, na mara nyingi maelezo anayojitungia ni mabaya kuliko ukweli. Huenda anafikiri mama amemkasirikia. Huenda anafikiri mama amehama na kumwacha kwa sababu hasikii. Kuketi kwake kituoni na begi kunanipa shaka kwamba anaamini mama yuko mahali fulani panapofikika kwa gari, na kwamba kazi yake ni kuwa tayari.

Watu wengi hawajui ni kiasi gani cha maarifa ya mtoto kinaingia kwa sikio bila mtu yeyote kukusudia kumfundisha. Mtoto anayesikia hukaa pembeni ya jamvi akicheza, huku akisikia watu wazima wakisema dada kazidiwa, kalazwa, figo zimekataa, kafariki, kaburi limechimbwa wapi, hitima ni lini. Anayaokota maneno hayo kidogo kidogo, na hata kama hakuna aliyemketisha na kumweleza, mwisho wa wiki ana picha kamili kiasi. Watoto viziwi zaidi ya 90 kati ya 100 huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wao huishi katika nyumba ambazo hakuna anayejua lugha ya alama vizuri. Kwao, kile ambacho hakikuelezwa kwa makusudi hakipo. Misiba mingi ya jirani na ya ukoo imepita mbele ya macho yake akiona vilio, mabuibui na sahani za pilau tu, bila mtu kumwambia kwamba yule mzee aliyekuwa akimpa peremende ndiye aliyezikwa. Kwa hiyo amefika kwenye msiba mkubwa kuliko yote bila ile misiba midogo ambayo ingemfundisha kifo ni nini.

Sasa tazama kile alichoambiwa. Mama yako alitaka kumwonyesha kifo kwa upole, na hakuna wa kumlaumu, kwani ndivyo karibu sote tungefanya. Lakini shavu juu ya viganja, kwa mtoto anayesoma ishara kama wewe unavyosoma maandishi, maana yake ni kulala. Aliyelala huamka. Au basi, kulala ndiko kulikomwondoa mama, na kama ni hivyo yeye naye akilala anaweza kuondoka, na bibi akilala anaweza asiwepo asubuhi. Kidole kilichonyooshwa juu kinaweza kuwa mbingu kwenu, na kwake kikawa ndege, au ghorofa ya hospitali. Ndiyo maana kukataa kwake kulala sikuoni kuwa ukaidi: kunaweza kabisa kuwa jibu la akili kwa habari aliyopewa. Kwa binti mdogo vivyo hivyo, «amesafiri» kunazaa swali moja tu, nalo ni kwa nini mama hapigi simu.

Majirani wanaosema haelewi wamechanganya mambo mawili. Mtoto ili aelewe kifo inambidi ashike mawazo manne: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi kabisa na kwa hiyo hauoni njaa, baridi wala maumivu, kwamba kila kiumbe hai hufa, na kwamba kifo kina sababu za kimwili. Watoto wengi huyapata mawazo haya kati ya miaka 5 na 7, na mtoto wa miaka 9 ana akili ya kutosha kuyabeba yote. Kama mpwa wako hajayapata, basi kilichokosekana ni mazungumzo, na mazungumzo yanaweza kuanza leo.

Kuhusu kucheza na kucheka, naomba uwatulize majirani. Hata watu wazima hawaombolezi mfululizo. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi, saa hii yuko ndani ya uchungu, saa nyingine anashughulika na maisha yanayoendelea, na kwamba kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kustahimili. Kwa watoto safari hiyo ni fupi sana. Anaweza kulia dakika kumi, akaomba mpira, akacheza kwa furaha ya kweli, na jioni akakasirika kwa sababu ya kijiko. Mchezo ni pumziko lake, kwa hiyo asikatazwe.

Na adabu? Mwambie shemeji yangu, kwa heshima zote, kwamba fimbo haitaondoa hata moja kati ya haya. Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha ni dalili ya kawaida ya hofu na huzuni, na kupiga wenzake mara nyingi ni hasira isiyokuwa na maneno. Mtoto hachagui kukojoa usingizini, na akipigwa kwa hilo atajifunza kwamba nyumba hii mpya nayo si salama. Hata hivyo, msimhesabie kila kitu msiba. Mpeleke zahanati apimwe mkojo na sukari, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari navyo huleta tatizo hilo hilo.

Nakuja sasa kwenye namna ya kumwambia, na hapa una njia tatu. Unaweza kumweleza mwenyewe kwa ishara za nyumbani. Faida yake ni kwamba anakupenda na anakuamini, na udhaifu wake ni kwamba ishara za nyumbani zinatosha kusema njoo, kula na oga, lakini zinashindwa kubeba «hatarudi» na «si kosa lako». Unaweza kumwachia mwalimu wa shule ambaye ana Lugha ya Alama ya Tanzania kwa ufasaha, lakini hapo mtoto atapokea habari kubwa kuliko zote maishani mwake mbali na watu wake. Njia ninayoipendelea ni kuwa wewe na bibi mkae naye mbele, na kando yenu akae mtu anayeijua lugha ya alama vizuri, mwalimu wake au mkalimani, na ikiwezekana mtu mzima ambaye mwenyewe ni kiziwi. Huyu wa mwisho ana thamani ambayo mimi na wewe hatuwezi kuifikia, kwa kuwa anajua kwa uzoefu wake mtoto kiziwi ameona nini na hajaona nini, na mtoto akimtazama anaona kwamba mtu kama yeye amekua, amefiwa na anaendelea kuishi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina matawi mikoani, na mwalimu wa shule kwa kawaida anajua nani wa kumfuata. Hakikisha tu kwamba mkalimani si mtoto mwenzake wa shule wala ndugu mdogo anayesikia, kwa maana mzigo huo si wa mtoto.

Kaa na mkalimani huyo kwanza bila mtoto. Mweleze ukweli wote wa ugonjwa, mkubaliane ni ishara ipi ya kufa inayotumika shuleni kwa mtoto, ili isije ikawa kila mtu na yake. Chagueni asubuhi baada ya chai, si usiku. Mkae penye mwanga unaoangukia nyuso zenu wala si nyuma yenu, mikono yenu iwe mitupu, na watu wasiwe wanapitapita, kwa sababu kila anayepita anamkatisha. Msimwangalie mkalimani, mwangalieni mtoto.

Kisha semeni kwa ufupi na wazi. Mama aliumwa figo. Leteni picha yake ya siku za afya, na kama ipo, picha ya siku za ugonjwa. Figo ziko hapa, mgongoni, kazi yake ni kusafisha damu, nazo zilishindwa kufanya kazi. Madaktari walijaribu, na mama hakupona. Mwekee kiganja chake juu ya kifua chako ahisi moyo unavyodunda, kisha juu ya kifua chake mwenyewe, halafu umweleze kwamba moyo wa mama ulisimama, na moyo ukisimama mtu amekufa. Njia hii ya kugusa nimeiona ikifungua uelewa wa watoto wengi, wanaosikia na wasiosikia, na kwa mtoto huyu haihitaji tafsiri. Mwambieni kwamba mama hapumui tena, halali, hasikii baridi, haumwi tena, na kwamba hatarudi. Mwambieni kwamba bibi alipoonyesha kulala alikosea ishara, kwa sababu kulala na kufa ni vitu viwili tofauti, na yeye akilala leo ataamka kesho.

Subirini. Huenda akalia, huenda akauliza kama anaweza kwenda kucheza. Yote mawili ni sawa. Maswali yatakuja baadaye, mengine ya kushtua, kama vile mwili umekuwaje sasa, na mtalazimika kurudia majibu yale yale kwa wiki kadhaa bila kuchoka. Kurudia huko ndiko kunakomfikisha kuamini.

Jambo moja msingoje aliulize, kwa kuwa watoto wengi hawaliulizi. Mtoto wa umri wake bado anaweza kuamini kwamba wazo lake au kitendo chake kilisababisha kifo. Kumbukeni siku ya mwisho alipoachana na mama kwenda bweni. Kama alikataa kwenda, alilia, alimsukuma mama au aliondoka bila kumuaga, anaweza kuwa ameibeba siku hiyo muda wote huu. Mwambieni waziwazi, kwa lugha kamili ya alama, kwamba hasira haiui, kwamba uziwi wake haukumuua mama, kwamba kwenda kwake shule hakukumuua mama, na kwamba mama alijua anampenda. Mwambieni pia kwamba mlimficha kwa kuwa mlikuwa na hofu, na mumwombe radhi. Mtu mzima kumwomba mtoto radhi si desturi iliyozoeleka kwetu, najua, lakini aliyekosa mazishi ya mama yake kwa uamuzi wa wengine anastahili kusikilizwa akikasirika.

Halafu mwambieni nani anamlea. Nani atamchukua shule likizo ijayo, nani atalipa, analala wapi, na je, yeye na mdogo wake watatenganishwa? Watu wazima huona maswali haya kuwa madogo mbele ya kifo, lakini kwa mtoto ndiyo yanayomnyima usingizi.

Imani yenu iingie, na iingie baada ya ukweli wa mwili. Mtoto akisikia kwanza kwamba Mungu amemchukua mama, anaweza kumwogopa Mungu au kuuliza atamchukua nani kesho. Akishaelewa kwamba mama alikufa kwa ugonjwa, basi kumwambia kwamba amerejea kwa Mola wake, na kwamba sisi humwombea dua, kunampa kazi ya mapenzi anayoweza kuifanya kila siku. Dua huombwa kwa viganja vilivyoinuliwa, na mtoto huyu tayari anazungumza kwa viganja.

Kuhusu mazishi aliyoyakosa, hamwezi kuyarudisha, ila mnaweza kumpa kuaga. Apelekwe kaburini. Kwa kuwa wanazuoni hawana kauli moja kuhusu wanawake kuzuru makaburi, fuateni mnavyoelekezwa na imamu wenu, na kama nyinyi hamwendi basi aende na baba yake akirudi, au mjomba wake, pamoja na mkalimani. Aelezwe kabla ya kuondoka atakachokiona: udongo, mawe, majani, na kwamba mama hataonekana. Aelezwe jinsi mama alivyooshwa, akavishwa sanda, akasaliwa, akabebwa na watu wengi. Kama picha za siku hiyo zipo, azione. Akitaka kung'oa magugu au kumwagia maji kaburi, aachiwe. Asipotaka kukaribia, asilazimishwe, na siku nyingine itapatikana.

Binti mdogo naye aambiwe, siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa maneno machache zaidi, na kwanza mwondoleeni ile safari. Katika umri wa miaka 5 atauliza tena kesho mama anarudi lini, kana kwamba hakuambiwa, nanyi mjibu vilevile. Kumwambia mmoja na kumficha mwingine kutamfanya mvulana awe mtunza siri, na siri hiyo itamchosha.

Usiwaondolee mama nyumbani. Zamani ushauri ulikuwa kwamba mfiwa amwachilie marehemu ili asonge mbele, lakini tangu miaka ya 1990 wataalamu wengi wamekubali kwamba mtoto hunufaika kwa kuendelea kuwa na uhusiano na mzazi wake kwa namna mpya. Uganda, katika miaka hiyo, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliojiunga katika chama chao, NACWOLA, walikuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu wakiwa bado hai: ukoo wetu ni upi, ulizaliwaje, nilipenda nini kwako. Dada yako hakupata nafasi hiyo, ila nyinyi mnaweza kumwandikia. Kwa mvulana kitabu kiwe cha picha na michoro zaidi ya maandishi, na muulizeni jambo ambalo yeye peke yake ndiye anayelijua: alikuwa akimwita mama kwa alama gani? Viziwi hupeana majina ya alama. Jina hilo mlijifunze nyote, kila anapotajwa marehemu litumike, na mtoto ataona kwamba mama yake anazungumzwa katika lugha yake.

Hapa nakusihi kwa dhati: anza kujifunza lugha ya alama, wewe na mumeo, hata kama ni alama chache kila wiki kwa mwalimu au kwa tawi la viziwi. Dada yako huenda ndiye aliyekuwa akimwelewa kuliko wote nyumbani, na ikiwa ni hivyo mtoto amepoteza mama na mtu wake wa kuzungumza naye kwa mpigo mmoja. Hasara hii ya pili inazibika. Anza na alama za hisia: huzuni, hasira, hofu, nimemkumbuka. Mtoto anayeweza kusema «nimemkumbuka mama» ana sababu ndogo ya kumpiga mwenzake. Kabla hajarudi bweni, mwalimu wa darasa na matroni waambiwe kila kitu, wajue kuhusu kukojoa ili asidhihakiwe, na apewe ruhusa ya kutoka darasani kidogo akizidiwa. Picha ya mama aende nayo.

Sasa kikundi chenu. Unauliza muanzie wapi, nami nasema mna mahali pa kuanzia kuliko ofisi nyingi, kwa sababu nyinyi ndio mnaofika siku ya kwanza. Kagera, eneo la Nshamba wilayani Muleba, ambako UKIMWI uliacha mayatima wengi, mradi wa HUMULIZA ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 uliwafundisha walimu na walezi wa kawaida namna ya kuzungumza na watoto waliofiwa, na vijana mayatima wenyewe wakaunda jumuiya yao ya kusaidiana, Vijana Simama Imara. Kilichokuwa kimekosekana kwa watoto wale ni watu wazima wa karibu waliofundishwa kuwasikiliza, na watu hao walipatikana pale pale kijijini.

Kwenye daftari lenu la msiba, mnapoandika nani analeta kuni na nani anakwenda sokoni, ongezeni mstari wa nani yuko na watoto. Mama mmoja au wawili, wale wale kila msiba, ambao hawatapika wala kupokea wageni, kazi yao ni kujua kila mtoto wa nyumba hiyo ameambiwa nini na nani, amekula, na amekaa wapi. Mtu huyo ndiye aulize: yupo mtoto kiziwi, yupo asiyeona, yupo mwenye ulemavu wa akili? Asiyeona aruhusiwe kuugusa mkono wa marehemu ikiwa familia inakubali, au kugusa kitanda na jeneza pale linapotumika, kwa kuwa ndiyo kuona kwake. Mwenye ulemavu wa akili aelezwe kwa sentensi fupi, kwa vitu na picha, aonyeshwe mahali palipokuwa pakikaliwa na marehemu, na ratiba yake ya kula na kulala isivurugwe, kwani kuvurugika kwa ratiba humuumiza haraka. Mwenye kutumia kiti cha magurudumu asiachwe ndani eti njia ya makaburini ni mbaya. Wabebaji hawakosekani msibani. Na katika mfuko wa kikundi itengwe nauli na posho ya mkalimani. Mnalipia turubai, na hili nalo lina haki ya kulipiwa.

Wapo pia wale ambao msiba wao hautambuliwi na watu. Mtafiti wa Marekani Kenneth Doka aliandika kuwahusu mwaka 1989, akieleza huzuni ambayo jamii haiipi nafasi ya kuonyeshwa. Huku kwetu namwona binti wa kazi aliyemlea marehemu miaka mitatu na siku ya mazishi akaachwa jikoni. Namwona mtoto wa nje, ambaye baba yake anazikwa naye amesimama ng'ambo ya barabara. Namwona mtoto ambaye mzazi wake alijiua au alikufa kwa ugonjwa unaonong'onwa, na majirani wakapunguza kufika. Hao hawahitaji mtaalamu kwanza. Wanahitaji mtu wa kikundi kuvuka barabara, kuwapa pole kwa jina, na kuwaonyesha pa kukaa.

Nasema hivyo nikiwa nashughulika na tiba mwenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri kwamba matibabu rasmi ya kisaikolojia yasitolewe kwa wafiwa wote kwa jumla, bali kwa wenye ugonjwa wa akili unaotambulika, na kwamba wafiwa wasipewe dawa za kutuliza za kundi la diazepamu kwa ajili ya majonzi. Kwa hiyo mtu akikuambia umpe mvulana kidonge cha usingizi, kataa. Lakini wapo watoto wanaohitaji zaidi ya familia, na msaada huo si lazima utoke kwa daktari bingwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa miaka 7 hadi 13, huko Moshi na Bungoma nchini Kenya, ambao walikuwa na dalili nzito za kiwewe. Nusu yao walisaidiwa kwa vikao vya vikundi vilivyoongozwa na washauri wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Mwishoni mwa vikao walikuwa wamepata nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilibaki Kenya, ilhali Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamefika karibu hatua moja. Hiyo inaonyesha kwamba tiba ya namna hii inafaa, na pia kwamba watoto wengi hupata nafuu kwa njia zaidi ya moja.

Msisubiri likizo nyingine mkiona haya: anasema au anaonyesha kutaka kufa ili amfuate mama, anajiumiza, amekataa kula hadi anakonda, anaona tena na tena tukio la kutisha, au anatoroka nyumbani usiku. Hapo mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hasira, kukojoa na kukosa usingizi, mpeni wiki kadhaa baada ya kuelezwa. Visipopungua, au kama baada ya miezi 6 tangu kifo huzuni bado imemshika kiasi cha kushindwa kucheza, kusoma na kuwa na wenzake, anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo kwa upande wenu, ndiyo ya kuanzia, na afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri anaweza kuwaandikia na pia kuwasaidia kuhusu malezi na shule. Namba 116, ya huduma kwa mtoto, hupigwa bila malipo. Simu ya sauti haitamfaa mvulana mwenyewe, basi piga wewe kwa niaba yake. Popote mtakapokwenda, semeni mapema kwamba mtoto ni kiziwi na mnakuja na mkalimani, na mkifika msikubali mtaalamu amhoji kwa kuandika kwenye karatasi au kwa kukuuliza wewe tu huku yeye akiwatazama midomo.